Githeri ya Soja

Harufu ya mahindi makavu yanayochemka pamoja na maharagwe ni nzito, ina udongo ndani yake, na kitunguu kikishatiwa huenda mbali kuliko unavyotarajia. Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama Dagoretti Corner, mkoba begani, sweta mbili mwilini kwa sababu mimi na baridi ya Nairobi hatujawahi kupatana, na mama mmoja wa kibandani akafunua sufuria yake kubwa karibu yangu. Mvuke ukanijia usoni. Mtu mwingine angesikia njaa. Mimi nilisikia aibu, ile ya kupandisha joto mpaka masikioni, nikajisogeza kando hatua tatu kama mwanafunzi mtoro aliyemwona mwalimu wake sokoni.

Niliyekuwa nikimsubiri pale ni Rukia, rafiki yangu wa utotoni, ambaye sikuwa nimeonana naye tangu nikiwa na miaka tisa. Kabla hajafika niwaeleze ninyi kwanza, maana sijamweleza mtu mwingine. Mama yangu huisimulia habari hii mara kwa mara, na kila anapoisimulia mimi hutoka mtoto mwema. Sikuwa mtoto mwema. Nilikuwa mlafi, nilikula nisichopaswa kula, na aliyelala na njaa hakuwa mimi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nyumba yetu na ya kina Rukia zilitenganishwa na kichochoro chembamba, ukikaanga kitu kwenu wanapiga chafya kwao. Mama yangu na Mama Rukia walikuwa mashoga tangu usichana, wale wa kuazimana kanga asubuhi na kununiana jioni. Sisi watoto tulifuata nyayo hizo hizo. Baba yake Rukia, ambaye kila mtu alimwita Ustadh, alikuwa akitufundisha chuoni, na mimi na Rukia tulisomea juzuu moja kwa sababu yangu niliiangusha kisimani. Nilipokuwa na miaka minane, ndugu yake mmoja alimwita Ustadh Nairobi akafundishe madrasa huko Ngara, na familia nzima ikahama. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kumwonea wivu.

Kwangu mimi, kuvuka mpaka lilikuwa jambo la watu wakubwa wenye bahati, na Nairobi ilikuwa Ulaya ya karibu. Rukia mwenyewe aliizidisha sifa. Kila mama zetu walipozungumza kwa simu, sisi tulipewa dakika mbili za mwisho, na dakika zote mbili Rukia alinitajia vyakula. Huku kuna viazi karai. Huku kuna nduma. Huku kuna githeri, wewe, githeri ya Nairobi ukiionja hutaki tena wali. Nilimeza mate mbele ya simu, mama akanicheka.

Basi Desemba moja, shule zilipofunga, mama akakata shauri tukawatembelee. Tulibeba kapu la nazi, halua, na papa mkavu aliyefungwa kwa magazeti manne na bado akanuka basi zima kutoka Tanga mpaka mwisho wa safari. Zile zilikuwa zawadi. Kumbukeni hilo, kwamba zilikuwa za wenyeji wetu, si zetu.

Kina Rukia walikaa Ngara, ghorofa ya tatu, katika jengo lenye roshani ndefu ya kuanikia nguo. Kilikuwa chumba kimoja, na pembeni kijisehemu cha kupikia kilichofichwa kwa pazia la maua. Kitanda tukapewa sisi wageni. Wao wakatandika mikeka, na Mama Rukia akasema mgongo wake unapenda sakafu. Nilimwamini. Niliamini kila kitu wiki ile. Hata Ustadh aliposhinda nyumbani mchana, niliona raha tu kwamba baba wa mtu anapumzika. Madrasa ilikuwa imefungwa kwa likizo, na haikunijia akilini kwamba mwalimu anayelipwa na wazazi wa wanafunzi hana mshahara wanafunzi wakienda likizo.

Getini palikuwa na mlinzi aitwaye Wafula. Kule mlinzi wanamwita soja, na jina hilo lilinifurahisha sana. Alikuwa mtu mnene, mwenye koti zito hata jua likiwa kali, na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Tangu siku ya kwanza alinibatiza jina.

"Niaje, Tanzania?" alisema. "Leo umekula nini?"

Nami nilimhesabia vyote, kidole kwa kidole, maana kula ndiko kulikonipeleka. Mchana Mama Rukia alimpa Rukia visenti vichache tukatembee, na Rukia alinipeleka kwenye vibanda vya mtaani kama mwenye mji. Nikala viazi karai, vilivyochovywa unga wa rangi ya machungwa na kukaangwa, vya moto mpaka nikavitupia mkono huu na huu. Nikala nduma, yale magimbi yao, ambayo ni kama kutafuna sabuni tamu, na nikaipenda hivyo hivyo. Nikala yai la kuchemsha lililopasuliwa katikati na kujazwa kachumbari. Kila mara Rukia alinunua kimoja, akanipa, akasema yeye ameshazoea vitu hivyo, amevikinai. Nilimwonea wivu mtu aliyekinai viazi karai.

Lakini jioni, mambo yalirudi Tanga. Mama Rukia alikuna nazi, zile zile za kapu letu, akapika wali wa nazi na mchuzi wa papa, akatuandalia mimi na mama kwenye mkeka. Wao hawakula nasi. Walisema wanamsubiri Ustadh arudi kutoka msikitini. Rukia alikaa pembeni akitupepea, na mama akimkaribisha alisema ameshiba. Siku ya kwanza nilinuna waziwazi.

"Nimetoka Tanga kuja kula wali?" nilisema. "Githeri iko wapi?"

Mama akanifinya paja. Mama Rukia akacheka mpaka kanga ikamvuka kichwani.

"Mgeni wangu simlishi githeri, mwanangu," alisema. "Mama yako atanitangaza Tanga nzima."

Jioni ile ile, baada ya kula, nilimfuata Rukia nyuma ya pazia kunawa mikono, na chini ya meza niliona sufuria iliyofunikwa kwa sahani. Nikaifunua. Mahindi, maharagwe mekundu, vipande vya viazi, kitunguu juu yake. Kwetu tuna makande, lakini mahindi yake hukobolewa yakawa laini. Haya yalikuwa na maganda yake, yanang'aa.

"Hii si ndiyo githeri?" niliuliza. "Ya nani?"

Rukia alitazama pazia, akatazama sufuria.

"Ya soja," alisema. "Mamangu humpikia soja."

Nikachota konzi moja. Enyi jamaa, nimekula katika harusi za watu wenye uwezo, lakini konzi ile ya kwanza naikumbuka kuliko biriani zote. Punje zilipasuka jinoni, halafu utamu wa maharagwe ukaja taratibu, halafu chumvi. Nikachota ya pili. Rukia alisimama kwenye pazia akiniambia fanya haraka, atakuja. Nilidhani anamzungumzia soja, na tukacheka kama wezi wawili. Mimi nilicheka. Sasa nikikumbuka, sina hakika kama na yeye alicheka.

Siku ya pili sikutumia mkono, nilitafuta kijiko. Siku ya tatu nilikula wali kidogo makusudi ili nibakize nafasi, na mama akaona nimeshika adabu ya ugenini. Siku ya nne sufuria ilikuwa imejaa chini ya nusu kabla hata sijaigusa, na Rukia akaweka kiganja chake juu ya sahani.

"Zuhura, mwachie soja," alisema.

Nikamwondoa mkono. Ninakumbuka nilivyomjibu, neno kwa neno, na laiti ningeweza kulisahau.

"Soja ana tumbo kubwa," nilisema. "Hatakufa."

Rukia alisimama pale na kunitazama nikila, na nilipomaliza akachukua kijiko akakiosha.

Siku ya tano ilikuwa ya mwisho, tuondoke kesho yake alfajiri. Mchana ule nilipita getini, Wafula akawa anatafuna hindi la kuchoma. Aliponiona akalivunja katikati, akanipa kile kipande kirefu, akabaki na kifupi. Nilikila nikipanda ngazi, na kufika ghorofa ya pili hakikupita kooni. Mtu ananigawia hindi lake, na mimi jioni namnyang'anya githeri yake. Dhamiri yangu, ambayo ilikuwa imelala usingizi wa pono wiki nzima, ikaamka. Ikaamka na kuelekea kusiko.

Niliamua kutengeneza. Jioni, wote waliposimama kuswali magharibi, mimi nilijifanya ninatafuta ushungi wangu. Nikaingia nyuma ya pazia, nikaifunga ile sufuria kwa kitambaa, na bila kuonja hata punje nikashuka nayo ngazi zote tatu. Ilikuwa ya moto, ikiniunguza tumbo. Niliona fahari kwa kuungua kule.

"Hii ni nini, Tanzania?" Wafula aliuliza.

"Githeri yako," nilisema. "Leo sijaigusa."

"Yangu?"

Alifunua, akaitazama. Halafu akainua macho kwenye roshani, na mimi nikainua yangu. Mama Rukia alikuwa amesimama pale juu akiwa bado na mavazi ya sala, na Rukia pembeni yake ameshika chuma cha roshani kwa mikono miwili. Redio peke yake ndiyo ilikuwa ikiongea. Kisha Mama Rukia akatabasamu, kwa sauti ile ile anayopokelea wakwe akasema, "Chukua, Wafula. Ni yako. Mtoto amekuletea."

Wafula aliipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Mama yangu akatokea nyuma yao, akaambiwa nilichofanya, akapiga kigelegele. Nilipanda juu nikiwa kama bibi harusi. Mama alinikumbatia akaniombea dua, Mungu anizidishie huruma. Mama Rukia akaniambia ahsante, mwanangu. Ndiyo, alinishukuru.

Tulikula wali wetu, tukapanda kitandani mapema kwa ajili ya safari. Ustadh aliporudi kutoka msikitini, nilimsikia Mama Rukia akinong'ona naye nyuma ya pazia. Halafu nikasikia kijiko kikikoroga chai katika gilasi ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Nilisubiri kusikia sahani. Sahani sikuzisikia, na usingizi ukanichukua nikiwa na tumbo lililoshiba.

Asubuhi Rukia alinipa mkono kama watu wazima wanavyopeana msibani. Sikuelewa. Tulipopiga simu baadaye, zile dakika mbili zetu akawa hazitaki, mara yuko bafuni, mara amelala. Nikaamua moyoni kwamba Nairobi imempa majivuno, na kwa miezi mingi nilimsema kwa kila mtu kichochoroni. Mama naye akawa na habari yake ya kusimulia: Zuhura, mtoto wa miaka tisa, aliona mlinzi maskini hajala, akambebea sufuria nzima. Majirani walinisifu. Nilizoea kusifiwa.

Ilipita miaka mitatu. Mwezi mmoja kazi ya baba ilisimama, na mwezi huo huo binamu yake mama akatoka Pemba kuja kututembelea, na binti yake wa rika langu. Mama akachinja jogoo, akapika wali, akawaandalia wageni ukumbini. Mimi na wadogo zangu tuliitwa jikoni, tukapewa uji wa muhogo usio na sukari, tukaambiwa tunywe kimyakimya. Nilikuwa nimechuchumaa na bakuli langu yule msichana akaingia kunawa mikono, midomo yake ikimeremeta mafuta ya kuku.

"Mnakula nini?" aliuliza. "Na mimi nionje."

"Si chetu hiki," nilisema. "Ni cha bata wa jirani."

Mama hakunifundisha kusema hivyo. Hakuna aliyenifundisha. Maneno yalitoka yenyewe, mepesi, kama yalikuwa yakinisubiri mdomoni, na hapo hapo nikamwona Rukia amesimama kwenye pazia la maua akitazama sufuria. Nikaona mikeka sakafuni. Nikavisikia vijiko vya chai, kimoja kimoja. Yule msichana wa Pemba, Mungu ambariki, hakuwa mlafi kama mimi. Alikunja pua akaenda zake. Mimi nilibaki nimeinamia bakuli, nikalia mpaka wadogo zangu wakadhani uji umeniunguza.

Mtadhani nilimpigia simu Rukia kesho yake. Sikupiga. Nilijiambia kwamba kumwomba radhi ni kumlazimisha akiri walikuwa na njaa, na kwamba walilificha jambo lile kwa gharama kubwa mno, nani mimi nilifichue. Ni sababu nzuri, nimeipigia msasa miaka yote hii. Ila najua pia nilikuwa mwoga. Na mama alipoendelea kuisimulia habari ya Zuhura na mlinzi, katika harusi, katika arubaini za watoto, mbele ya wachumba, sikumkatiza hata mara moja. Mpaka leo sijamkatiza. Nikimwambia, nitamnyima mwanawe mwema, na nitamwambia pia kwamba wali alioula yeye wiki ile ulikuwa wa nani.

Sasa kazi yangu ndiyo iliyonipeleka Nairobi mwezi uliopita, mafunzo ya wiki moja. Mama akanipa namba ya Rukia, na kabla sijapata la kujitetea akawa ameshampigia yeye mwenyewe. Ndivyo nilivyojikuta Dagoretti Corner, nimeipa mgongo sufuria ya mama wa kibandani.

Rukia alitokea ng'ambo ya barabara akinipungia mikono yote miwili. Ni karani wa ofisi moja huko Muthangari, amenenepa vizuri, anacheka kama mama yake. Wazazi wake, alisema, wamerudi pwani, wanaishi Mombasa, wazima. Alinipeleka kwake, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maduka, yenye meza ya kulia na jiko lisilo na pazia. Nilinawa mikono, nikakaa. Akaweka sufuria mezani, akafunua.

"Najua unaipenda hii," alisema.

Sikuweza kujua kama ananitania au ananiua. Nikaanza kusema, na nilipoanza yakatoka yote, wali, kijiko, bata wa jirani, na simulizi la mama yangu. Rukia alisikiliza akiwa ameshika upawa. Nilipofika mwisho akavuta kiti.

"Zuu, ulikuwa mtoto bana," alisema. "Si ni mimi nilikuambia ni ya soja?"

"Na usiku ule mlikula nini?"

"Tulikunywa chai." Alisema hivyo tu, wala hakuipamba. "Asubuhi mkishaenda, Wafula alipanda juu na ile sufuria. Alikuwa ameifunga na kitambaa chako, hajaigusa. Akasema hangeileta mkiwa hapo, mngejua. Na alikuwa ameweka chapati zake mbili juu. Tulikula sisi wote hapo kwa ngazi, na yeye pia."

Nilitaka kumwambia ahsante, sijui kwa niaba ya nani. Katika jengo lile lote, mtu niliyejiona nimemlisha ndiye aliyewalisha wao, na wote walijua hivyo isipokuwa mimi na mama yangu.

"Lakini nisikudanganye," Rukia akaendelea. "Nilikukasirikia miaka mingi. Si juu ya githeri. Unakumbuka ulisema soja hatakufa?"

"Nakumbuka."

"Siku hiyo nilitaka kukuambia ni yetu. Ilikuwa hapa." Aligusa koo. "Uliposema hivyo nikanyamaza. Niliogopa ukijua ni yetu, bado utakula."

Nimewaza sana kuhusu neno hilo tangu siku ile. Miaka yote nilijilaumu kwa kutojua, na kutojua kuna unafuu wake, kunasameheka. Rukia hakuwa na shida na kutojua kwangu. Nilijua kwamba chakula kile ni cha mtu, mtu anayekesha getini kwenye baridi, na bado niliinua kijiko. Nikatafuta ndani yangu kama yule mtoto angeacha kula laiti angeambiwa ni cha Rukia. Nilitafuta kwa haki kabisa, na sikupata jibu ninaloweza kuwaandikia hapa.

Rukia alichota githeri, akajaza sahani, akaisukuma upande wangu. Yake akaiacha tupu. Akakunja mikono juu ya meza, akanisubiri mgeni nianze, kama alivyofunzwa na mama yake.

Nikairudisha ile sahani mbele yake.

"Leo anza wewe," nilisema.

Aliivuta sahani karibu. Kisha akachukua kijiko, akala, bila haraka, mpaka sahani ikaisha, akaongeza nyingine akala nusu. Mimi nilikaa na mikono yangu mapajani. Sikugusa kitu mpaka aliponiambia mwenyewe kwamba ameshiba, na safari hii nilimtazama usoni kwanza, nihakikishe.